Lei gong teng, qing feng teng au ji xue teng: ulinganisho wa mimea mitatu ya Kichina kwa mwenye maumivu ya viungo

Tiba ya jadi ya China hutumia mimea mingi ya kutambaa yenye mashina magumu kama mti, na mitatu kati yake hutajwa zaidi kuliko mingine pale mgonjwa anapolalamika kuhusu viungo vinavyovimba, kukakamaa na kuuma: lei gong teng, qing feng teng na ji xue teng. Anayetaka kuchagua kati yake hukutana na maelezo yanayofanana mno, kwa kuwa katika vitabu vya tiba hiyo yote huelezwa kuwa huondoa upepo na unyevu mwilini, hufungua njia za damu na hutuliza maumivu. Maelezo hayo hayamsaidii mnunuzi hata kidogo, kwa sababu wa kwanza unaweza kuua, wa pili huwasha ngozi ya baadhi ya watumiaji, na wa tatu ni mpole kiasi kwamba katika jimbo la Guangdong watu huuchemsha nyumbani pamoja na mayai na kunazi za Kichina na kuunywa kama supu tamu. Ulinganisho huu unajengwa juu ya jambo moja: mpangilio wa mimea hii kwa nguvu ya kutibu ni uleule wa mpangilio wake kwa sumu, na kwa hiyo swali la kujiuliza si upi ulio bora, bali ni nani anayeutumia, kwa ugonjwa gani, na chini ya uangalizi wa nani.

Ugonjwa wenyewe ndio wa kuanza nao. Baridi yabisi ni ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia utando wa ndani wa viungo. Huanza mara nyingi kwenye viungo vidogo vya mikono na miguu, hushika pande zote mbili, na humfanya mgonjwa aamke amekakamaa kwa muda mrefu kabla ya vidole kukunjuka. Kusagika kwa magoti na nyonga, ambako huwapata zaidi wazee na watu wenye uzito mkubwa, ni kuchakaa kwa gegedu, nao ni ugonjwa mwingine. Jongo nalo hutokana na fuwele za asidi ya yuriki. Utafiti mzito uliofanywa juu ya lei gong teng, na sehemu kubwa ya ule wa qing feng teng, unahusu baridi yabisi. Mzee mwenye goti lililosagika anayekunywa lei gong teng hupata sumu yote bila ushahidi wa faida ile, na hilo ni kosa linalotokea kwa urahisi kwa kuwa wagonjwa wote hawa huja na neno lilelile, yaani viungo vinauma.

Lei gong teng: wenye nguvu kuliko yote, na wa kuogopwa kuliko yote

Lei gong teng, ambao wataalamu wa mimea huuita Tripterygium wilfordii, huota katika milima ya kusini mwa China, hasa Fujian, Zhejiang, Hunan na Anhui, na pia Taiwan. Maua yake ni madogo na meupe, na matunda yake yana mabawa matatu membamba. Umo katika familia ya Celastraceae, ambayo ndiyo familia ya miraa, ingawa undugu huo hauna maana yoyote kwa mtumiaji kwa vile kemikali za mimea hiyo miwili ni za namna tofauti kabisa. Kabla ya kuwa dawa ya hospitalini, mmea huu ulijulikana na wakulima wa China kama sumu: walisaga mizizi yake na kunyunyizia unga wake kwenye bustani za mboga ili kuua wadudu.

Sehemu inayotumiwa kwa tiba ni mti wa ndani wa mzizi, baada ya maganda yote kubanduliwa. Kubanduliwa huko si suala la usafi. Sumu imejaa zaidi kwenye maganda, majani na maua, na watu wamepoteza maisha kwa kutafuna majani au kunywa maji yaliyochemshwa na mizizi isiyomenywa. Hata asali imewahi kuua katika jimbo la Yunnan, pale nyuki walipokusanya utomvu wa maua ya mmea ndugu, Tripterygium hypoglaucum, ambao nao huuzwa kwa ajili ya viungo.

Kemikali inayobeba sehemu kubwa ya nguvu hiyo ni triptolidi, ambayo S. Morris Kupchan na wenzake katika Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, waliitenga mwaka 1972 walipokuwa wakitafuta dawa za saratani ya damu. Namna inavyofanya kazi ilieleweka baadaye sana: mwaka 2011 watafiti wa Johns Hopkins walionyesha kwamba triptolidi hujishikiza kwenye protini iitwayo XPB, ambayo ni sehemu ya mtambo ambao seli huutumia kuanza kusoma jeni zake. Seli isiyoweza kusoma jeni haiwezi kutengeneza protini mpya, na seli zinazoumia kwanza ni zile zinazogawanyika haraka au zinazozalisha protini kwa wingi. Seli za kinga zinazoshambulia viungo zimo katika kundi hilo, lakini zimo pia seli za uboho, za ukuta wa utumbo na zile zinazotengeneza mbegu za kiume. Anayeelewa jambo hili ataelewa kwa nini hakuna ustadi wa kupika unaoweza kubakiza faida yote na kuondoa madhara yote: mlango unaoingiza nafuu ndio unaoingiza madhara.

Ushahidi wa manufaa yake, hata hivyo, ni wa kuheshimiwa, na mimea michache sana ya tiba za jadi duniani imepimwa kwa ukali wa namna hii. Katika jaribio lililofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2009, wagonjwa 121 wa baridi yabisi waligawanywa kwa bahati nasibu, kundi moja likapewa dondoo la mizizi ya lei gong teng, miligramu 60 mara tatu kwa siku, na jingine salfasalazini, dawa ya hospitali ya baridi yabisi, gramu 1 mara mbili kwa siku. Baada ya wiki 24, asilimia 65.0 ya waliotumia mmea walikuwa wamefikia kipimo cha nafuu ya angalau asilimia 20, ikilinganishwa na asilimia 32.8 ya waliotumia salfasalazini. Jaribio la pili, lililofanyika China na kuchapishwa katika jarida la kitabibu mwaka 2015, lilihusisha wagonjwa 207 na likaulinganisha mmea huu na methotreksati, dawa ambayo madaktari wengi wa viungo duniani huanza nayo. Waliofikia nafuu ya angalau asilimia 50 katika wiki ya 24 walikuwa asilimia 46.4 kwa methotreksati pekee, asilimia 55.1 kwa mmea pekee, na asilimia 76.8 kwa waliopewa vyote viwili.

Namba hizo huvutia, na wauzaji huzinukuu. Zipo namba nyingine za kusomwa kando yake. Katika jaribio la Marekani ni asilimia 62 tu ya waliopewa mmea walioendelea nao hadi wiki ya 24. Ni kweli kwamba kwa salfasalazini walikuwa wachache zaidi, asilimia 41, lakini dawa ambayo zaidi ya theluthi ya watumiaji huiacha ndani ya nusu mwaka haiwezi kuitwa nyepesi. Katika jaribio la China wagonjwa na madaktari walijua nani anapewa nini, jambo ambalo hupunguza kidogo uzito wa matokeo. Zaidi ya hayo, dawa zilizotumika katika majaribio haya mawili hazikuwa kitu kimoja: ile ya Marekani ilikuwa dondoo lililoandaliwa kwa ajili ya utafiti, na ile ya China ilikuwa tembe za dondoo lililosafishwa, miligramu 20 mara tatu kwa siku. Mtu asichukue kipimo cha moja akakitumia kwa nyingine, na wala asikihamishie kwenye vipande vya mzizi alivyonunua kwa kupimiwa kwenye mizani.

Madhara yake ya kawaida ni kichefuchefu, kuharisha, vidonda vya mdomoni na upele. Mazito ni kushuka kwa seli nyeupe za damu, kuumia kwa ini na figo, na kuvurugika kwa uzazi. Kwa wanaume, idadi na mwendo wa mbegu hushuka kiasi kwamba katika miaka ya 1980 watafiti wa China waliuchunguza mmea huu kama dawa ya kuzuia mimba kwa mwanamume. Kwa wanawake, hedhi huweza kupungua au kukoma. Kwa walio vijana mara nyingi hurejea dawa ikiachwa, lakini kwa waliokaribia au kuvuka umri wa miaka 40 huweza kukoma moja kwa moja. Mwaka 2012 mamlaka ya dawa ya China ilitoa tahadhari kwa umma kuhusu tembe za mmea huu, na maelekezo ya tembe hizo yanakataza zitumiwe na watoto, wajawazito na wanaonyonyesha, pamoja na watu wa umri wa kuzaa wanaotaka watoto. Nchi iliyouzaa mmea, inayoutumia kwa wingi kuliko nyingine yoyote, ndiyo iliyoweka mipaka hiyo. Muuzaji wa ng'ambo anayesema hauna madhara kwa kuwa ni wa asili amejipa uhuru ambao wenyewe hawakujipa.

Ipo njia ya kupunguza hatari ambayo haizungumzwi sana, nayo ni kupaka. Jaribio dogo lililochapishwa mwaka 2003, lenye wagonjwa 61, lililinganisha dawa ya kupaka iliyotengenezwa kwa mmea huu na dawa bandia kwa muda wa wiki sita, na waliopata nafuu ya angalau asilimia 20 walikuwa asilimia 58 dhidi ya asilimia 20. Ni jaribio moja, la muda mfupi, na kemikali huweza kupenya kwenye ngozi, hivyo mjamzito asilione kuwa ruhusa.

Qing feng teng: katikati

Qing feng teng ni Sinomenium acutum, mmea unaopanda juu ya miti na kumwaga majani yake wakati wa baridi, unaopatikana China, Korea na Japani. Hapa kinachotumika ni shina, ambalo huvunwa mwishoni mwa vuli na kukatwa vipande vya duara. Kipande kizuri huonyesha mistari inayotoka katikati kwenda ukingoni kama njiti za gurudumu la baiskeli. Kemikali yake kuu ni sinomenini, alkaloidi ambayo umbo lake linashabihiana na la mofini ingawa haifanyi kazi ya mofini na haihesabiwi kuwa dawa ya kulevya. Nchini China sinomenini iliyosafishwa huuzwa kama tembe na sindano, na hospitali huitumia kwa baridi yabisi.

Tabia moja ya sinomenini ndiyo inayoamua nani aichague: husababisha seli fulani za mwili kumwaga histamini, kemikali ileile inayoleta dalili za mzio. Matokeo yake ni mwasho, uso kuiva wekundu, jasho, upele, na kwa wachache kuvimba au shinikizo la damu kushuka. Mara nyingi mambo haya hutokea mapema na huisha dawa ikiachwa au kipimo kikipunguzwa, na hiyo ndiyo tofauti yake kubwa na lei gong teng: madhara ya qing feng teng hujitangaza yenyewe kwenye ngozi, wakati yale ya lei gong teng hukaa kimya kwenye damu, ini na korodani hadi kipimo cha maabara kiyaone. Mwenye pumu au mwenye historia ya mzio mkali ana sababu nzuri ya kuuepuka kabisa.

Kuhusu manufaa, jaribio lililochapishwa mwaka 2019 liliwachukua wagonjwa 101 wenye baridi yabisi na kulinganisha methotreksati pamoja na sinomenini kwa upande mmoja, na methotreksati pamoja na leflunomaidi, dawa nyingine ya hospitali ya baridi yabisi, kwa upande mwingine. Baada ya wiki 24, waliofikia nafuu ya angalau asilimia 50 walikuwa asilimia 65.3 na asilimia 69.6, tofauti ambayo ni ndogo, na waliotumia sinomenini walipata matatizo machache zaidi ya tumbo na ini. Msomaji makini ataona kwamba makundi yote mawili yalikuwa yakimeza methotreksati. Jaribio hilo linaonyesha kuwa sinomenini inaweza kuwa msaidizi mwema wa dawa ya hospitali. Halionyeshi kuwa inaweza kusimama peke yake, na anayeuza qing feng teng kama mbadala wa methotreksati ameruka hatua ambayo utafiti haukuiruka.

Ji xue teng: mpole, na ushahidi wake ni mpole vilevile

Ji xue teng ni Spatholobus suberectus, wa familia ya kunde, unaotoka Guangxi, Guangdong na Yunnan. Shina lake likikatwa hutoa utomvu mwekundu, na likikauka hubaki na pete za rangi ya kahawia iliyoiva ambazo hazikai sawasawa katikati. Katika tiba ya Kichina huhesabiwa kuwa hulisha na kusukuma damu, na hupewa zaidi wanawake wenye hedhi zisizo na mpango, wazee wenye ganzi ya mikono na miguu, na wagonjwa ambao seli zao nyeupe zimeshuka baada ya tiba ya saratani. Kipimo cha kawaida katika kitabu rasmi cha dawa cha China ni gramu 9 hadi 15 kwa siku, na ni nadra sana kupewa peke yake. Huwekwa ndani ya mchanganyiko wa mimea mingine.

Kwa viungo, utafiti wake mwingi umeishia maabara, kwa seli na wanyama. Hakuna jaribio la binadamu linaloweza kuwekwa kando ya yale ya lei gong teng na likastahimili. Hivyo mwenye baridi yabisi anayeutumia huu peke yake atapata kinywaji cha moto, labda na nafuu ya muda, huku mifupa ya vidole vyake ikiendelea kuliwa. Ubaya wake hasa ni huo wa kumpotezea mgonjwa muda, maana katika ugonjwa huu miezi ya mwanzo ndiyo ya thamani kuliko yote. Anayemeza warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda asiuchanganye bila kumwambia daktari wake. Katika soko la China hubadilishwa pia na mimea mingine yenye utomvu mwekundu, ikiwemo jamii za Mucuna, ambazo ni ndugu wa upupu, na jamii za Kadsura. Kwa bahati nzuri udanganyifu huo huumiza mfuko zaidi ya mwili.

Ikiwekwa pamoja

Kwa nguvu ya kuzuia baridi yabisi, lei gong teng uko mbele kwa umbali mkubwa, qing feng teng unafuata ukiwa msaidizi, na ji xue teng uko nje ya mashindano. Kwa usalama, orodha inageuka chini juu. Kwa haraka ya matokeo, hakuna hata mmoja unaotuliza maumivu kama diklofenaki inavyotuliza. Majaribio yaliyotajwa yote yalipimwa kwa wiki na miezi, na tembe ya mitishamba inayomfanya mgonjwa aruke kitandani siku ya pili inapaswa kumtia wasiwasi badala ya furaha. Katika nchi nyingi maabara zimekuta ndani ya dawa za viungo zinazoitwa za mitishamba steroidi kama deksamethasoni na prednisoloni, au dawa za maumivu za viwandani ambazo hazikuandikwa kwenye kifungashio. Nafuu ya ghafla, hamu kubwa ya chakula na uso kuwa wa mviringo ndizo dalili za kuangalia, na aliyetumia tembe za namna hiyo kwa wiki nyingi asiache ghafla bila daktari, kwa sababu tezi zake za adrenali, zinazotengeneza steroidi za mwili wenyewe, huwa zimelala.

Kwa urahisi wa kudhibiti kipimo, tembe iliyosafishwa hushinda vipande vya kuchemsha, na kwa lei gong teng tofauti hiyo ni ya uhai. Kiasi cha triptolidi hubadilika kwa mahali mzizi ulipoota, msimu wa kuvunwa na jinsi ulivyomenywa, na jicho haliwezi kukipima. Kwa maoni yangu, mizizi mikavu ya lei gong teng haifai kununuliwa na mtu yeyote kwa ajili ya kujichemshia nyumbani, hata kama muuzaji ni mwaminifu, kwa kuwa uaminifu wake haupimi sumu iliyomo.

Qing feng teng una hatari ya aina nyingine, ambayo ni ya kuchanganywa. Nchini Japani shina lake ndilo linaloitwa boi, jina ambalo huandikwa kwa herufi zilezile ambazo Wachina huzisoma fang ji. Lakini nchini China fang ji ni mzizi wa mmea mwingine, Stephania tetrandra, na kwa miaka mingi jina hilohilo lilitumika pia kwa mzizi wa Aristolochia fangchi, ambao una asidi ya aristoloki. Gharama ya mchanganyiko huo ilionekana Brussels, ambako kati ya mwaka 1990 na 1992 kliniki moja ya kupunguza uzito iliwapa wateja wake tembe zilizokusudiwa kuwa na Stephania lakini zilikuwa na Aristolochia. Figo za zaidi ya watu 100 ziliharibika, na taarifa ya kwanza ilichapishwa na Jean-Louis Vanherweghem na wenzake mwaka 1993. Mwaka 2000 ikaripotiwa kwamba kati ya wagonjwa 39 walioondolewa figo na mirija ya mkojo, 18 walikutwa na saratani ya njia ya mkojo. China iliondoa kwenye matumizi guan mu tong, ambao ni mmea mwingine wa kutambaa wenye asidi hiyo, mwaka 2003, na mwaka uliofuata ikaondoa fang ji ya Aristolochia. Mizigo ya zamani na maduka yasiyokaguliwa hayafuati amri hizo kwa lazima, hivyo anayenunua qing feng teng adai jina la kisayansi, Sinomenium acutum, liwe limeandikwa, na akiona Aristolochia mahali popote aondoke.

Mshindani ambaye hayupo kwenye rafu ya mitishamba ni methotreksati yenyewe. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, humezwa mara moja tu kwa wiki pamoja na asidi ya foliki, na madhara yake yamejulikana kwa miongo mingi kiasi kwamba daktari anajua la kutazamia. Nayo haimfai mjamzito, nayo hudai vipimo vya damu na ini; mtu asidhani kwamba kuikwepa na kwenda kwa lei gong teng ni kukwepa maabara. Ukiondoa mazingira ya China, ambako madaktari wana mazoea ya mmea huu na tembe zinazotoka viwandani, sioni sababu ya kuuweka mbele ya methotreksati kwa mgonjwa ambaye bado hajaijaribu. Nafasi yake halali ni kwa aliyeshindwa na dawa za kawaida au ambaye nafuu yake haijatosha, na daktari wake amekubali kuuongeza.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki, ambako kliniki za Kichina zimekuwepo katika miji mikubwa tangu miaka ya 1990, lipo jambo linalopaswa kupewa uzito kuliko Marekani au Ulaya. Dawa inayolaza kinga ya mwili huweza kuamsha kifua kikuu kilichojificha na homa ya ini aina ya B, na magonjwa haya si mageni kwetu. Anayeishi na VVU asiguse lei gong teng. Zaidi ya suala la kinga, triptolidi huvunjwavunjwa na vimeng'enya vya ini ambavyo baadhi ya dawa za kufubaza virusi huviharakisha au kuvizuia, kwa hiyo kipimo kilekile kinaweza kuwa pungufu kwa mmoja na sumu kwa mwingine. Nchini Tanzania wanaotoa tiba hizi husimamiwa kwa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na mteja ana haki ya kuuliza kama mtoa tiba na dawa yake vimesajiliwa na Baraza husika kabla ya kulipa.

Tukirudi kwa watu wenyewe: mwanamke wa miaka 28 mwenye baridi yabisi ambaye bado anataka watoto asichague lei gong teng kabisa, azungumze na daktari kuhusu dawa zinazopatana na mpango wake wa uzazi, na hapo hata methotreksati haitakuwemo. Mwanamume aliye katika hali hiyohiyo asidanganywe na maneno kwamba mbegu hurejea, maana kurejea huchukua miezi na hutegemea kipimo na muda wa matumizi. Mwanamke aliyevuka ukomo wa hedhi, ambaye ini na figo zake ni nzima, hana kifua kikuu wala homa ya ini, na methotreksati haikumtosha, ndiye anayeweza kufikiria tembe za lei gong teng akiwa na daktari anayekubali kumfuatilia. Mwenye tumbo au ini linalokataa dawa za kuongezea juu ya methotreksati anaweza kuuliza kuhusu sinomenini, mradi hana pumu wala mzio. Asiye na ugonjwa wa kinga, mwenye ganzi na uchovu wa viungo baada ya kazi, ambaye amekwisha kupimwa na kuambiwa hana baridi yabisi, hatapata hasara kubwa akinywa ji xue teng, ilimradi ajue kwamba analipia mazoea ya kale zaidi ya ushahidi.

Aliyekubaliwa kutumia lei gong teng afanye picha kamili ya damu, vipimo vya ini na vya figo kabla ya tembe ya kwanza, arudie kwa karibu katika miezi ya mwanzo na kisha kwa ratiba ya daktari wake. Dawa isimamishwe siku hiyohiyo pakitokea homa isiyoeleweka, koo lenye vidonda, macho ya manjano, mkojo kupungua, kuharisha kusikokoma au hedhi kukatika. Mahali ambapo vipimo hivyo havipatikani au gharama yake haibebeki kila mara, dawa hiyo isianzwe, na tembe zilizopo nyumbani ziwekwe mbali na watoto.